Mwenye Kisa Alipwe

Leo nazungumzia Wayahudi, na najua kuna mtu huko Soni ameshanyoosha mkono abadilishe stesheni. Ngoja kidogo. Sizungumzii vita vya Gaza wala siasa za Jerusalem; hayo unayasikia kila taarifa ya habari, na kila mmoja wetu ana msimamo wake. Nazungumzia wakulima. Wako nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, upande wa Mlima Elgon. Wanalima kahawa, ndizi na mihogo kwenye vilima ambavyo Msambaa akishushwa pale usiku, asubuhi atatoka nje kutafuta njia ya kwenda Bumbuli. Wanaitwa Abayudaya. Kwa uraia ni Waganda, kwa dini ni Wayahudi. Jumamosi hawashiki jembe, nguruwe hawali, na mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane.

Swali langu ni hili: visa vya watu hawa, siku hizi za simu na intaneti, anavisimulia nani, na analipwa na nani?

Utaniuliza Lushoto yetu, huku milimani Usambara, inahusikaje. Inahusika zaidi ya unavyodhani. Visa vya Wayahudi vimeishi katika Kiswahili muda mrefu kuliko redio hii na kuliko barabara ya Mombo. Washairi wa pwani walitunga tenzi za Ayubu na Yusufu kabla babu zetu hawajaona gari. Mtoto wa madrasa hapa mjini anamjua Nabii Musa kabla hajajua jina la mkuu wa wilaya. Upande wa pili, Walutheri walifungua misheni Mlalo mwaka 1891, na mmoja wa wamisionari wa Usambara, Karl Roehl, aliyeandika pia sarufi ya Kishambaa, ndiye baadaye aliyetoa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937. Hakuifanya peke yake. Martin Nganisya na Andrea Ndekeja walikaa naye wakipima kila sentensi. Majina yao hutajwa na wachache, na ukitaka kujua kwa nini, tazama jina la nani liko kwenye jalada na mshahara ulitoka wapi.

Na tunacho cha kwetu. Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi, ndicho kinachotueleza habari za Mbegha: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, ambaye kwa desturi ya siku zile hakutakiwa kuishi, wazazi wakamficha, akakua akawa mwindaji, akafukuzwa kwao, akafika milima hii na nyama ya nguruwe mwitu begani, akaigawa, mwishowe akaketi Vuga akiwa Simba Mwene, yaani mfalme. Msikilizaji, mweke Mbegha karibu na Musa. Mtoto aliyepangiwa kifo, akaokolewa na waliomzaa, akakimbia, akawa mkuu mahali pasipo kwao. Sidai kwamba kimoja kimetokana na kingine. Nasema tu kwamba mzee wa Vuga na mzee wa Mbale wakiketi pamoja hawatakosa la kuzungumza.

Lakini angalia pia jinsi kisa cha Mbegha kilivyotufikia. Mwandishi alikuwapo, alikuwa mtu wa karibu na watawala wa Kikilindi, ukoo wa Mbegha, alijua mengi. Bila mtambo wa kuchapa wa wamisionari kule Magila, na bila watu waliokichapa upya miaka ya 1960, tungebaki na vipande vipande vya kusimuliana. Mtu alilipia wino. Mimi sioni aibu katika hilo. Aibu ni kudhani kwamba visa vinajihifadhi vyenyewe kwa sababu ni vizuri.

Turudi Mbale. Jamii hii ilianza kwa mtu mmoja mkaidi, Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiweka mashariki ya Uganda chini ya bendera yao, akitumaini watamfanya mfalme wa huko. Hawakumfanya. Akajitenga nao, akaingia madhehebu ya Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, huku akisoma Agano la Kale kwa makini ya mtu aliyechoka kusomewa na wengine. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia hiyo ni desturi ya Kiyahudi. Kama ndivyo, akajibu, basi kuanzia leo sisi ni Wayahudi. Hivyo ndivyo wanavyosimulia wenyewe. Kitu kinachonishangaza ni kwamba hakuna Myahudi aliyekuja kumhubiria. Mgeni wa kwanza wa kuwafundisha kalenda na sala alifika baada ya wao kuamua. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na waliobaki wakaendelea.

Kisha akaja Idi Amin. Alichukua nchi mwaka 1971, na dini yao ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa. Wengi wakasilimu au wakabatizwa, na jamii iliyokuwa na maelfu ikashuka hadi watu kama 300, waliosali usiku, milango imefungwa, sauti chini.

Sasa tuje kwenye wasimulizi wao. Mwaka 2003 kampuni ya santuri ya Smithsonian Folkways, Marekani, ilitoa albamu ya nyimbo za Abayudaya zilizorekodiwa na Jeffrey Summit, ambaye ni rabi na mtaalamu wa muziki. Zaburi kwa Kiganda, nyimbo za Sabato kwa Kiebrania, vibwagizo vya kwaya unavyoweza kuvisikia kanisa lolote la hapa Magamba. Albamu ile ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Jambo ninalolipenda zaidi halikuandikwa kwa herufi kubwa: mrabaha ulirudi Mbale kusomesha vijana. Muongo mmoja baadaye, mwaka 2013, ikatoka nyingine, safari hii ya wakulima wa kahawa. Mmoja wa wanamuziki wale, J.J. Keki, alikuwa New York siku majengo ya World Trade Center yalipoangushwa, Septemba 2001. Aliporudi nyumbani alizunguka kwa majirani zake, Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa unaoitwa Mirembe Kawomera. Wanauza kahawa pamoja, na nyimbo walizorekodi ni za bei, za amani, za kuwahimiza majirani wajiunge. Mkulima wa kahawa wa hapa Usambara anayejua ushirika ulivyo atakubali kwamba kuwakalisha Mwislamu, Mkristo na Myahudi kwenye daftari moja la mahesabu ni kazi kubwa kuliko kuimba.

Hadi hapo ni habari njema. Ila kuna upande unaonikera, na nitausema wazi.

Tangu dunia ilipogundua kwamba Uganda kuna Wayahudi, kamera hazijakoma kupanda kile kilima. Na kamera nyingi zinatafuta picha ileile: mtu mweusi amevaa kofia ndogo ya Kiyahudi, anasoma gombo, watoto wanacheza nyuma, kichwa cha habari kinapiga kelele ya mshangao. Mwenyeji anaulizwa swali moja, kila mwaka, na wageni tofauti: je, wewe ni Myahudi kweli? Akishajibu, kamera inafungwa. Hakuna anayemuuliza ada ya shule inalipwaje, au mgogoro wa shamba umefikia wapi, au kijana wake anayetaka kuhamia Kampala atampata wapi mchumba wa dini yake. Swali lile la ukweli linauma zaidi kwa sababu serikali nazo zinaliuliza: mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilimkatalia mtu mmoja wa Abayudaya ruhusa ya kuhamia huko kama Myahudi. Kwa hiyo msimulizi wa Mbale anajikuta kila mara yuko kizimbani akijitetea, hata pale alipotaka kusimulia kichekesho.

Sisi wa Lushoto tunaujua ugonjwa huo kwa sura nyingine. Mgeni anapanda Irente, anarusha kamera yake inayoruka juu ya bonde, anaweka muziki, anaandika kwamba hapa ni Uswisi ya Afrika. Mama anayepita chini na mzigo wa kabichi kichwani ni pambo tu la video. Jina lake halimo.

Ndiyo maana nilifurahi kusikia habari za Shoshana Nambi. Ni binti wa Abayudaya aliyesomea urabi, na mwaka 2022 alitoa kitabu cha watoto kuhusu sikukuu ya vibanda, ile ambayo Wayahudi hujenga vibanda vya majani na kula humo kwa siku saba. Katika kitabu chake mtoto anayeitwa Shoshi na kaka zake wanapamba kibanda cha nyumbani, kijijini, wakishindana na majirani. Mvua na upepo vinaharibu kibanda cha mtu. Watu wanakuja kusaidia. Basi. Hakuna anayeulizwa kama ni Myahudi kweli. Ni watoto, majani, mvua na majirani, na mwandishi anajua harufu ya majani yale kwa sababu alikulia chini yake. Tofauti ya kazi ya mgeni na kazi ya mwenyeji iko hapo: mwenyeji hana haja ya kushangaa.

Lakini Nambi alipita njia ndefu, ya masomo ya nje na mchapishaji wa Marekani, na kitabu kimetoka kwa Kiingereza. Ni wangapi watafika huko?

Fedha zipo. Marekani kuna taasisi zinazogharamia kazi hiyo tu, visa vya Kiyahudi kwenye filamu na mitandao. Iko Jewish Story Partners, iliyoanzishwa mwaka 2021 kwa msaada wa mfuko wa Steven Spielberg na mkewe pamoja na wafadhili wengine, inayotoa ruzuku kwa watengenezaji wa filamu za hali halisi. Spielberg huyohuyo mwaka 1994 alianzisha mradi wa kurekodi walionusurika mauaji ya Wanazi. Leo una shuhuda zaidi ya 50,000, na umepokea pia shuhuda za mauaji ya Watutsi wa Rwanda mwaka 1994. Kuna kituo kingine Massachusetts kilichoanza mwaka 1980 pale kijana mmoja, Aaron Lansky, alipoamua kuokota vitabu vya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, vilivyokuwa vinatupwa na wajukuu wasioisoma lugha ile. Leo vitabu zaidi ya 11,000 viko kwenye intaneti, unavisoma bure. Nikisikia hayo nawaza Vuga Press pale Soni na vitabu ilivyochapa miaka ile, vya Kiswahili na vya Kishambaa. Viko wapi? Vingine viko sandukuni kwa bibi, vingine vimefungiwa sukari.

Kwa hiyo silaumu wafadhili wa mbali. Wamefanya ambalo sisi hatukulifanya. Lakini mfadhili huona kile ambacho macho yake yamezoea kukiona, na kuna kisa kimoja cha Abayudaya ambacho nadhani hakitapata mfadhili wa New York hata siku moja, kwa sababu anayepaswa kukiona ni Mtanzania.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Vijana wakachukuliwa, wa jeshi na wa mgambo, kutoka kila mkoa, na milima hii ilitoa wake. Walitembea na kupigana miezi mitano, wao na Waganda waliokuwa uhamishoni, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwao.

Ilikuwa Jumatano. Wakristo wanaonisikiliza, mlikuwa katika Juma Kuu. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 13. Na kwa kalenda ya Kiyahudi, jua lilipotua Jumatano ile, Pasaka yao ilianza. Pasaka ya Wayahudi ni usiku wa kukumbuka jinsi Musa alivyowatoa watu utumwani mwa Farao. Basi wafikirie wale watu 300 kwenye vilima vya Mbale, waliokaa miaka minane wakisali kwa kunong'ona. Wanajiandaa kusimuliana kwa siri kisa cha kutoka Misri, na redio inatangaza kwamba Amin ameanguka. Rabi Gershom Sizomu, ambaye baadaye alisomea Marekani, akapewa urabi mwaka 2008 na kuchaguliwa mbunge mwaka 2016, alikuwa mtoto wa miaka kama kumi wakati ule, na ni mmoja wa wanaosimulia jinsi uhuru ulivyowafikia siku ya Pasaka.

Wenzetu wanasimulia kisa hicho kwa Kiganda, kwa Kiingereza, hata kwa Kiebrania. Katika masimulizi hayo Mtanzania huwa mstari mmoja: majeshi ya Tanzania yakamwondoa Amin. Mstari mmoja! Na upande wetu, mzee aliyepigana kule anakaa kibarazani Mlalo au Mtae, anakohoa, anasimulia habari za Lukaya na Masaka, na hana habari kabisa kwamba siku waliyoingia Kampala kuna watu walisema mioyoni mwao kwamba Farao amezama. Pande mbili za kisa kimoja hazijawahi kukutana. Lugha ya kuwakutanisha ipo, ni hii ninayoizungumza, ambayo askari wale waliingia nayo Uganda.

Nani atagharamia? Tuhesabu kidogo. Kijana wa Lushoto akitaka kumrekodi mzee huyo anahitaji simu yenye kipaza sauti cha kuaminika, maana mvua ikigonga bati la Usambara husikii neno. Anahitaji siku tatu, kwa sababu mzee hatasema la maana siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya salamu, chai na kumuulizia baba yako. Anahitaji nauli ya bodaboda hadi Mtae, bando la kupakia video nzito, na mtu wa kuihariri. Yote hayo kabla hajaona senti. Kwa video ndefu, YouTube haikupi mgawo kamili wa matangazo mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja, na mzee anayekohoa hashindani na vichekesho vya Dar es Salaam. Na hapa kwetu, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipotoka, zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni, na milioni moja kila mwaka. Zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, lakini vijana wengi walijifunza mapema kwamba kusimulia ni biashara ya mwenye mtaji. Uko Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ndiyo, nao unatoa mikopo. Mkopo ni wa mtu anayejua bidhaa yake itauzika lini. Kumbukumbu ya mzee haina tarehe ya kuuzika.

Msimamo wangu ni kwamba msaada wa maana kwa msimulizi, awe Myahudi wa Mbale au Msambaa wa Vuga, unaanza na malipo ya muda wake. Alipwe siku zake kama anavyolipwa fundi, hata kama mwisho wa siku hakuna picha ya kushangaza. Pili, rekodi ibaki kwake. Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, lakini sheria haimsaidii bibi aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemsomea. Mkataba uandikwe kwa lugha anayoielewa, na nakala ya sauti ikae kijijini, kwenye shule au msikiti au kanisa, mahali mjukuu atakapoipata bila kuomba ruhusa nje ya nchi. La tatu ndilo gumu kwa wafadhili: mwacheni aseme anachotaka. Akitaka kusimulia bei ya kahawa asimulie bei ya kahawa. Uyahudi wake umo humohumo kwenye bei ya kahawa, hahitaji kuuvaa kichwani kila kamera inapowashwa.

Najua nitaambiwa: Wayahudi wana fedha zao, wasaidiane. Maneno hayo nayasikia hata kwenye vijiwe vya kahawa pale sokoni, na ni maneno ya hovyo. Mkulima wa mihogo wa Mbale hana mjomba benki. Na wengine wataniambia mimi ni Mwislamu, au mimi ni Mlutheri, kisa cha Pasaka ya Kiyahudi kinanihusu nini? Nakujibu kwa yale niliyoanza nayo: umekuwa ukikisikia tangu utoto wako, kwa jina la Musa, na walioishi sura yake ya mwisho mwaka 1979 walikombolewa na kaka yako.

Basi ombi langu ni jepesi kutamka. Wewe uliyepigana Vita vya Kagera na uko mahali fulani Lushoto, Bumbuli au Korogwe, mwite mjukuu mwenye simu jioni ya leo, umwambie ulikuwa wapi Jumatano ile ya tarehe 11 Aprili 1979. Wewe mjukuu, usimkatize, na usiondoe kikohozi kwenye rekodi. Wenye maduka, vyama vya ushirika, misikiti na sharika, mlipieni kijana huyo bando na nauli ya kufika Mbale akawatafute wenzake wa rika lake waliokua wakisikia upande wa pili. Tarehe 11 Aprili 2029 itatimia miaka 50. Waliokuwa na miaka 20 siku ile watakuwa na 70, na wengi wao hawatafika.